Imo, Haipatikani

Mwaka ule Agosti yote ilinyesha Salling.
Shayiri ililala shambani kama walevi,
tukaivuna na maji yake ndani,
punje ukiiuma inabonyea, hailii.
Usiku Esben akawasha kikaushio,
akapandisha moto, kisha akapandisha tena,
maana jirani alikuwa anangoja zamu
na yeye siku ya nne hajavua buti.
Asubuhi ghala lilinukia mkate.
Nikasema, harufu nzuri hii.
Mimi ndiye niliyesema.

Oktoba vitoto vikaachishwa ziwa:
siku ishirini na nane duniani,
masikio bado yanapitisha mwanga,
wametolewa ubavuni mwa mama
wakakuta sakafu, bomba, na unga wetu.
Walikula. Hilo lazima niliseme.
Walikula mpaka vihori vikang'aa.
Ila mizani naishika mimi,
na kila Jumatatu mizani ilinijibu kinyonge:
migongo mikali kama kingo za meza,
manyoya marefu, mkojo unaochoma macho,
tumbo limejaa, nyama haionekani.
Shibe, kumbe, si lishe.

Tukapeleka gunia maabara.
Karatasi ikarudi: protini, sawa.
Laisini, imo, kama kawaida.
Esben akaibandika kwenye friji,
akaigonga kwa kidole:
Imo! Umeona? Imo.

Aliyekuja ni Thyra Gammelgaard,
mwanamke mfupi, gari limejaa chupa.
Akachota unga kiganjani, akaunusa.
Mlioka? akauliza.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Protini, alisema, ni ushanga wa rangi ishirini;
tumbo huukata uzi, mwili hutunga upya.
Rangi moja ikiisha, kazi imesimama hapo hapo,
hata nyingine ziwe debe zima, zitamwagwa.
Kwa kitoto anayekula nafaka
rangi inayotangulia kuisha ni laisini,
nayo ina mkono mmoja unaoning'inia nje.
Moto ukizidi, sukari huudaka mkono ule
na haiuachii.
Maabara huchemsha punje ndani ya asidi siku nzima:
baadhi ya mikono huachiliwa, nao huihesabu.
Kitoto hana asidi ya namna ile,
wala hana siku nzima.
Laisini yenu inapita kooni, inapita tumboni,
inafika mwisho wa utumbo mwembamba vile vile ilivyoingia,
na kutoka hapo
haimfai mwenyewe tena.

Chuoni alikuwa na nguruwe sita
wenye kirija ubavuni, mahali pale pale panapoishia utumbo huo,
na kwa miaka kumi na moja kazi yake
ilikuwa kungoja hapo na kimfuko
apokee kilichopita bila kushuka.
Usiniulize kilichomo, alisema.
Niulize kinachojibu kikiitwa.

Akaondoka na vichupa vyetu viwili. Baada ya wiki akapiga simu.
Theluthi nzima ilikuwa imeshikwa.

Tulinunua laisini ya gunia, rangi ya mchanga mkavu,
tukaipima kwa kijiko cha jikoni mara ya kwanza, kwa woga,
halafu kwa koleo.

Jioni ile viazi, siagi, mkate wa rai.
Esben mkabala nami, viwiko mezani.
Ukihesabu watu wa nyumba hii, yumo.
Yumo kwenye bili, yumo kwenye kalenda ya kanisa,
kitanda kinazama upande wake.
Nimeita tangu mavuno,
nikapata ukimya ule wa simu iliyozimwa.
Sikumwita tena. Nilimsogezea chumvi tu.

Ni mimi niliyepandisha moto, akasema.
Hakuinua macho.
Nilikuwa nimechoka, Gudrun. Niliogopa ukungu.

Mimi nilisema harufu nzuri, nikamjibu.

Akacheka kidogo, kwa pua.
Jumatatu wadogo walikuwa wameongeza,
si wote. Yule wa kihori cha mwisho, mwenye doa jicho la kushoto,
bado nampima peke yake.